Samaki Wamekufa Bwawani: Namna Dunia Pepe ya Darasa Inavyobuniwa

Kila mwanafunzi ameketi mbele ya kompyuta yake. Kwenye skrini kuna bwawa, miti, njia ya miguu, na watu wa kuchorwa wanaozungukazunguka ukingoni. Baadhi ya hao watu ni wanafunzi wenzake wa darasa lile lile. Anapiga picha ndege, anahesabu samaki, anapima joto la maji, anaandika. Kisha anafungua kalenda na kuruka mbele. Anaporudi ukingoni anakuta samaki wakubwa wanaelea ubavu. Wamekufa. Hakuna aliyemtahadharisha, na hakuna ukurasa wa kitabu uliofunguliwa kumweleza sababu.

Bwawa hilo ni la EcoMUVE, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na kundi la watafiti wakiwamo Chris Dede, Tina Grotzer na Shari Metcalf, kwa ajili ya masomo ya sayansi ya watoto wa miaka 11 hadi 14 hivi. Nimeichagua kwa sababu inaonyesha waziwazi jambo ambalo wengi wetu tunalikosea. Mtu akitaka kutengeneza dunia pepe ya kufundishia, maswali ya kwanza huwa ya picha na vifaa: itapendeza kiasi gani, itahitaji miwani ya kuionyesha dunia hiyo machoni, kompyuta ziwe na nguvu gani. Kwangu mimi swali la kwanza ni hili: humo ndani, nani atajua kitu ambacho mwenzake hakijui?

Tuanze na bwawa lenyewe. Juu yake kuna mtaa mpya wa nyumba, na nyasi za mtaa huo zinawekewa mbolea. Mvua ikinyesha, maji yanateremsha mbolea hadi bwawani, na fosfeti iliyomo inalisha mwani. Mwani unazaana mpaka maji yanakuwa ya kijani. Baadaye unakufa, unazama, na bakteria wanaanza kuuozesha, na katika kuozesha huko wanatumia oksijeni iliyoyeyuka majini. Zikifuatana siku za joto, mawingu na upepo hafifu, hali inazidi kuwa mbaya. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 huweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Mawingu yanaunyima mwani uliobaki jua la kutengenezea oksijeni mpya. Upepo ukitulia, maji hayachanganyiki vizuri na hewa. Usiku mmoja oksijeni inashuka mno, na kukicha samaki wako juu ya maji.

Mwalimu anaweza kuandika mlolongo huo ubaoni kwa dakika tano. Wanafunzi watauandika, wataujibu kwenye mtihani, na muhula ukiisha umeshawatoka. Ugumu wake ni kwamba sababu na matokeo haviko mahali pamoja. Mbolea ilimwagwa siku nyingi kabla, sehemu nyingine, na mtu asiye na nia mbaya na samaki yeyote. Kilichowaua hakionekani kwa macho. Akili zetu, za watoto na za watu wazima, hukimbilia mkosaji aliye karibu: sumu, mvuvi, ugonjwa. Ndiyo maana EcoMUVE inampa mwanafunzi kalenda ya kwenda mbele na nyuma katika siku, na nyambizi ya kumshusha majini mpaka awe sawa na vijidudu. Mambo mawili ambayo safari ya kweli ya bwawani haiwezi kuyatoa, yaani kurudi nyuma katika wakati na kunywea hadi udogo wa bakteria, ndiyo yaliyojengwa. Kinachoweza kuonekana vizuri bwawani kwenyewe kwa nauli ya daladala, sioni haja ya kukijenga kwenye kompyuta.

Halafu kuna majukumu. Ndani ya kikundi mmoja ni mtaalamu wa viumbe, mwingine ni wa hadubini, wa tatu ni mkemia wa maji, wa nne ni mpelelezi anayehoji watu na kukusanya habari za mahali. Kila mmoja anarudi na vipimo vya upande wake, vinaingia kwenye jedwali la kikundi, vinachorwa grafu. Kila mwalimu aliyewahi kutoa kazi ya kikundi anamjua yule mwanafunzi mmoja anayefanya kazi ya wote, na wale watatu wanaochangia majina yao tu. Ukiwaweka wote mbele ya taarifa zile zile, mwepesi atamaliza na wenzake watamtazama. Ukigawa taarifa, yule mwepesi anakwama mpaka amgeukie jirani yake na kumuuliza, "Wewe umeona nini?" Swali hilo, likiulizwa kwa shida ya kweli, ndilo linaloifanya dunia hiyo iwe ya pamoja. Kuona avata za wenzako, yaani wale watu wa kuchorwa wanaowawakilisha, zikipita hakutoshi. Hata kwenye kituo cha basi tunaona watu wakipita.

Kabla ya bwawa, Dede na wenzake walikuwa wamejenga River City, dunia pepe ya mji wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19 ambao wakazi wake wanaugua bila kujulikana sababu. Wanafunzi walihoji wakazi, wakapima maji, wakaangalia wingi wa mbu, wakarudi katika misimu tofauti ya mwaka. Kilichofichwa humo ni magonjwa matatu kwa wakati mmoja: moja la maji machafu, moja la kuambukizana kwa hewa, moja la mbu. Dalili zinapishana. Anayefuata mbu anapata ushahidi mzuri wa mbu, anayefuata maji anapata ushahidi mzuri wa maji, na wote wako sahihi. Kisha kila kikundi kiliweza kujaribu dhana yake kwa kulinganisha miji miwili pacha, mmoja ulioachwa kama ulivyo na mwingine uliobadilishwa jambo moja tu. Mwisho darasa zima lilikaa pamoja vikundi vikaeleza matokeo yao, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba tatizo lina mizizi zaidi ya mmoja. Nausifu sana uamuzi huo. Fumbo lenye jibu moja hugeuka mbio, na mbio zina mshindi mmoja na darasa zima la walioshindwa.

Sasa mashine. Wachezaji wawili wa bao hukaa na bao katikati yao: mashimo 32, kete 64, na hakuna ubishi kete iko wapi kwa sababu wote wanatazama bao moja. Mtandaoni hilo bao la katikati halipo. Chukulia mchezaji mmoja yuko Lamu na mwenzake yuko Unguja, kila mmoja na bao lake, na Mombasa yuko mzee mmoja mwenye bao la tatu na simu mbili. Ukitaka kucheza unampigia mzee. Akikubali, anasogeza kete kwenye bao lake na kumwambia mwenzako naye asogeze. Bao la mzee ndilo la kweli. Mengine mawili ni nakala. Wote wawili wakipiga simu kwa pamoja, mzee ndiye anayeamua nani alitangulia.

Mzee huyo ndiye seva. Katika Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga dunia kwa matofali, huhesabu hali ya dunia nzima mara 20 kila sekunde, kisha hutuma mabadiliko kwa kila aliyeingia. Ukisubiri jibu lake kabla ya kusogea hata hatua moja, mchezo unakuwa mzito kama unatembea kwenye tope. Kwa hiyo programu nyingi zinakuruhusu utangulie, na mzee akikataa zinakurudisha. Mtoto anayelalamika kwamba anatembea halafu anavutwa nyuma, mara nyingi ndicho kinachomkuta: nakala yake ilitangulia ukweli. Hayo yanazaa maamuzi mawili ya ubunifu. La kwanza, seva ikae karibu. Kompyuta moja ya kawaida ndani ya chumba, iliyounganishwa na nyingine kwa mtandao wa ndani, itawahudumia wanafunzi vizuri kuliko seva kubwa ya Ulaya inayofikiwa kwa bando la simu. La pili, si kila kitu kiwe cha wote. Kalenda ikiwa ya pamoja, mtoto mmoja akiruka mwezi mmoja mbele amewaburuta wenzake wote. Wakati uwe wa kila mtu peke yake, au uwe mkononi mwa mwalimu. Daftari la vipimo liwe la kikundi. Mahali pawe pa wote.

Kuhusu miwani ya uhalisia pepe nitasema kwa ufupi. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha maabara ile ile ya kuigiza ikitumiwa kwa miwani na ikitumiwa kwenye skrini ya kawaida. Waliovaa miwani walijihisi zaidi kwamba wamo ndani ya maabara, na walijifunza kidogo kuliko wenzao. Akili iliyojaa mshangao ina nafasi finyu ya kufikiri. Shule isiyo na fedha za miwani haina sababu ya kujiona imeachwa nyuma.

Linalonigusa mimi zaidi ni swali la nani anaruhusiwa kugusa nini. Niliwahi kukaa na darasa la Kidato cha Pili, kompyuta 18, mtandao wa ndani, programu ya Luanti, ya kujenga kwa matofali kama Minecraft. Kazi ilikuwa kujenga kijiji chenye shule, zahanati na kisima. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Siku ya pili, dakika chache baada ya kuanza, nikasikia ukelele kutoka safu ya nyuma. Kijana mmoja alikuwa amemwaga lava juu ya paa la zahanati, na lava ile ilikuwa ikiteremka ukutani taratibu, kipande kwa kipande, huku binti aliyeijenga ameshika kipanya na hajui afanye nini. Hakulia. Aliinuka, akaenda kukaa dirishani, na hakurudi kwenye kompyuta kipindi kile chote. Kwa wale wanaosema ni mchezo tu: jengo lile lilikuwa kazi yake ya dakika 80. Kijana alikosea, lakini aliyeacha ndoo ya lava ndani ya dunia ya watoto 18 bila kuiwekea mipaka nilikuwa mimi.

Vifaa vya kuzuia hayo vipo. Toleo la shule la Minecraft lina matofali maalumu matatu: moja linaruhusu kujenga eneo fulani, moja linakataza, moja ni mpaka asiopita mwanafunzi. Mwalimu anaweza pia kuwasimamisha wote walipo ili wamsikilize. Katika Luanti, eneo linaweza kuandikishwa kwa jina la mwenyewe, na seva ikiwekwa kutunza kumbukumbu, kilichobomolewa kinaweza kurudishwa. Lakini ukikaza kila kitu, umejenga makumbusho: watoto wanatazama, hawagusi, na baada ya robo saa wamechoka. Siku hizi ninagawa hivi. Kilichojengwa na mtu ni chake mpaka amkaribishe mwenzake. Kisima, barabara na mto ni vya wote, yeyote anaweza kuvibadili, na jina la aliyebadili linabaki pale likisomeka. Ugomvi wa kisima nauacha utokee, kwa sababu huo ndio somo. Nani alichepusha maji? Mwulizeni.

Nairobi imetoa mfano mzuri wa jambo hili, ingawa si wa darasani. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu yake Gigiri, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na Mojang, watengenezaji wa Minecraft, katika mradi wa Block by Block. Miongoni mwa maeneo ya mwanzo ulikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Wazo ni jepesi kulieleza: ramani ya mhandisi inasomeka kwa mhandisi, na mkazi anayepita uwanjani hapo kila siku anabaki kimya kwenye mkutano. Mweke ndani ya mfano wa eneo lake uliojengwa kwa matofali ya kompyuta, aweze kusogeza taa, kuongeza benchi, kuziba shimo, na wenzake wakiona anachofanya. Atasema. Ujuzi wake ulikuwapo siku zote. Haukuwa na mahali pa kukaa. Darasani kuna watoto wa namna hiyo, wale wanaojua mengi ya shambani na ya sokoni na hawayaoni popote kwenye kitabu.

Kabla ya kujenga chochote, jiulize pia nani mwenye ardhi. Second Life, dunia pepe ya mtandaoni, ilifunguliwa mwaka 2003, na vyuo vikuu vingi vilikodi visiwa humo na kujenga kumbi, maabara na maktaba. Mwishoni mwa 2010 kampuni inayoimiliki, Linden Lab, ilitangaza kwamba punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu linakoma. Baadhi zilihama, na kuhama kutoka dunia ya mtu mwingine si sawa na kuhamisha samani: mengi hayabebeki. Hiyo ni sababu mojawapo ya mimi kupenda Luanti. Iliitwa Minetest mpaka 2024, ilianzishwa na Perttu Ahola wa Ufini mwaka 2010, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inaenda hata kwenye kompyuta dhaifu, na haihitaji intaneti ukishaipakua. Dunia mliyoijenga ni folda. Unaibeba kwenye fleshi.

Folda hiyo ina kumbukumbu za watoto pia: nani aliingia saa ngapi, alisimama wapi, alimwandikia nani nini. Kwa mwalimu ni hazina, maana unaona aliyepima maji mara kumi na aliyezurura. Kwa mtoto inaweza kuwa jicho lisilofumba. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data za mtoto. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mimi nawapa wanafunzi majina ya kupanga, orodha ya kweli naiandika kwenye karatasi, na muhula ukiisha nafuta mazungumzo yao.

Kwa muda sasa nimekuwa nikibuni dunia ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, pale Kisumu. Sikuona sababu ya mtoto wa huku kujifunza habari za mwani kwa bwawa la Marekani wakati maji ya ghuba hiyo hugeuka ya kijani mbele ya macho yake, gugu maji limeisumbua tangu miaka ya 1990, na mto Nyando unaingia humo baada ya kupita kwenye mashamba ya miwa. Kisayansi ni kisa kile kile cha mbolea, mwani na oksijeni. Watu ndio tofauti, na maswali yao.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na bahasha nne. Moja ya mvuvi, yenye hesabu ya samaki wake kwa siku 20. Moja ya mkulima wa juu mtoni. Moja ya mpima maji. Moja ya anayeandika hali ya hewa. Wanafunzi wanne, meza moja, masharti mawili: usionyeshe karatasi yako, eleza kwa mdomo tu. Jaribio la kwanza lilianguka. Kijana mwenye bahasha ya maji alikuwa na fosfeti, oksijeni na mvua zote pamoja, na alimaliza kesi peke yake ndani ya dakika kumi huku wenzake wakichezea kalamu. Kama ningekwisha kuijenga kwenye kompyuta, kosa lile lingenigharimu miezi.

Nikaondoa mvua, nikaipeleka kwa mwenye hali ya hewa. Fosfeti nikaihamishia kwa mkulima, kama kipimo cha maji ya mtoni pembeni ya shamba lake. Mpima maji nikamwachia oksijeni peke yake, iliyopimwa kila siku saa sita mchana, na kwa makusudi vipimo vyote vilikuwa vizuri, maana mchana mwani wenyewe unatengeneza oksijeni.

Kikundi cha pili kilikaa dakika 25 bila kufika popote. Mpima maji alishikilia kwamba maji yake hayana kasoro, na alikuwa na karatasi ya kuthibitisha. Mkulima alianza kujitetea kabla hajashtakiwa. Kisha binti mwenye bahasha ya mvuvi, aliyekuwa kimya muda mrefu, akairudia karatasi yake, akamgeukia mpima maji.

"Wewe unapima saa sita mchana. Wangu wanakufa alfajiri. Usiku unapima?"

Vipimo vya usiku havikuwa kwenye bahasha yoyote. Niliwaomba dakika tano, nikaenda dawati la nyuma na kuanza kuviandika kwa mkono.